Aliyekuwa Akimwita Elsa

Msichana aliitika mara mbili kabla Khadidja hajatambua kwamba hakuna aliyemwita.

Ilikuwa saa saba mchana mtaani Buyenzi, wakati gereji zinanyamaza watu wakaswali na kula. Khadidja, mshonaji na mjane, alikuwa kwenye cherehani yake barazani. Uani, msichana alikuwa anaosha sahani.

"Karame," alisema msichana, kama Warundi wanavyomwitikia mkubwa. Kisha tena, polepole: "Karame, mama."

"Unamuitikia nani?"

"Apana mutu, mama."

Khadidja alienda uani. Palikuwa na harufu ya matope ya mto na ndagala wabichi, dagaa wa ziwani. Siku hiyo walikuwa wamepika maharage.

Msichana alikuwa na miaka kumi na tatu, na ilikuwa siku yake ya tisa katika nyumba ile. Aliletwa na Gélase, mfanyakazi wa chama kinachowatafutia watoto familia za kuwalea. Alikuja na mfuko mmoja na faili lenye majina ya familia tatu zilizomrudisha kwenye kituo cha watoto. Ya mwisho, ya mtaa wa Gasenyi, ilikuwa imeandika: anaongea peke yake. Mama yake aliuza ndagala Gatumba. Mafuriko ya mto Rusizi yalimchukua mwaka 2020 na mwili haukupatikana.

Ndani ya faili aliitwa Elsa. Khadidja, ambaye hakujaliwa mtoto, alimpa jina la Sumaya siku ileile. Mama yake Khadidja mwenyewe aliteremka kutoka milimani na jina moja, akaolewa Buyenzi kwa jina jingine, na alikuwa akisema jina lile lilikuwa mkeka aliotandikiwa akae. Khadidja hakuona ubaya.

"Mumuache na jina yake, mama," Gélase alimwambia.

"Nampa ya kwetu, ndjo ajue iko kwao."

Gélase alikuwa na watoto arobaini kwenye orodha. Hakubishana. Alisema tu kwamba hii ni familia ya nne, na ikishindikana, mtoto atabaki kituoni mpaka awe mtu mzima. Msichana alikuwa amesimama palepale, mfuko mkononi.

Massoudi, mdogo wake Khadidja, fundi wa magari aliyekuja kula kila mchana, mwanzoni alifanya mzaha. "Dada, we uliomba mutoto moja, wakakuletea wawili. Ndjo maana ugali inaisha."

Siku ya kumi na mbili hakucheka. Alikuwa na tonge mkononi aliposikia sauti ya mwanamke kutoka kwenye mfereji wa maji machafu uani: Elsa. Msichana alikuwa mbele yake, amefumba mdomo. Sauti ikaita tena, karibu zaidi, na sakafu kati ya mfereji na mlango ikaanza kulowa, alama za nyayo moja baada ya nyingine, ingawa hakukuwa na mguu.

"Murudishe," Massoudi alinong'ona. "Leo, dada. Mi sikuli tena humu."

Khadidja alimpeleka msichana chumbani, akafunga mlango.

"Ile ni mama yako?"

"Apana. Mama alikuwa anakohoa. Hii haikohoe."

"Unajua si yeye, na unaitika?"

Msichana alitazama miguu yake. "Inajua jina yangu."

Kesho yake Khadidja alimwita Shehe Tajudini, ambaye tangu wakati wa baba yao alikuwa akiwasomea watu wenye majini.

Alikuja saa sita na nusu. Akamketisha msichana uani juu ya jamvi, akachoma ubani, akaanza kusoma. Kwa muda hakukuwa na kitu isipokuwa kisomo chake na nyundo za gereji, kisha nyundo zikanyamaza, na harufu ya matope ikapanda kutoka kwenye mfereji ikaufunika ubani, na maji ya kahawia yakatoka bila mvua na bila bomba kufunguliwa, yakalizunguka jamvi pasipo kuligusa, na katikati ya maji yale mwanamke asiyeonekana akaita Elsa, akaita Elsa, bila kuvuta pumzi, kama mtu ambaye pumzi hazihitaji, mpaka Massoudi aliyekuwa mlangoni akaziba masikio na bado akawa anasikia.

"We ni nani?" Tajudini aliuliza.

"Wa mtoni."

"Unamutakia nini mutoto wa watu?"

"Mama yake aliita jina hili mpaka maji yakamujaa kinywa. Likabaki linaelea. Nikalishika. Nimelipeleka nyumba tatu, na hii ya nne. Nani mwingine analiita humu?"

Khadidja alirudi nyuma hadi ukutani; tangu siku ya kwanza alikuwa amemwita Sumaya tu.

Tajudini alimgeukia msichana. Alimpa maneno aliyowapa wagonjwa wake wote, kwa kuwa jini haondoki mikono mitupu. "Muambie: chukua chako, uende. Mara moja tu. Lazima itoke kwa kinywa yako."

Msichana alikuwa ameelewa kile ambacho wakubwa hawakuwa wamekielewa. Alimtazama Khadidja.

"Nikisema, mutaniacha nibaki?"

"Utabaki," Khadidja alisema. "Wallahi, utabaki."

"Chukua chako," msichana alisema, "uende."

Maji yalirudi chini. Ubani ukasikika tena. Massoudi akasema alhamdulillahi, akaingia kula, ingawa jana alisema hali tena humo.

Usiku ule Khadidja hakulala. Asubuhi alimfuata msichana jikoni, akamwita kwa jina la kwenye faili, kwa mara ya kwanza. Msichana hakugeuka. Akaita tena. Alipomgusa bega, msichana alimtazama kwa adabu.

"Munamutafuta nani, mama?"

Wiki mbili baadaye Gélase alikuja kukagua. Alimkuta mtoto amenenepa, anacheka na watoto wa jirani, anajua kutia uzi kwenye cherehani. Akaandika kwamba amezoea. Kisha akatoa bahasha. Jirani mmoja wa zamani wa Gatumba alikuwa ameokoa picha: mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, beseni la ndagala kichwani, na mtoto mdogo ameshika kanga yake.

"Nimeitafuta mwaka muzima," Gélase alisema. "Ni yako."

Msichana aliipokea. Aliitazama kwa muda mrefu, maana aliona wanangoja.

"Ni muzuri," alisema. "Huyu mutoto wake iko wapi sasa?"

Gélase alimgeukia Khadidja. Khadidja alikuwa anatazama sakafu.

Msichana aliifuta picha vumbi kwa ncha ya gauni lake, akamrudishia Gélase kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha wenyewe.