Nilipiga Simu Redioni Kuuangusha Wimbo wa Mke Wangu

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Biryogo hapa Kigali. Ninalima bluberi kule Gahanga, vile vitunda vidogo vya buluu vinavyopendwa na watu wa hoteli. Ndugu wasomaji, nilichomfanyia mke wangu kinanichoma mpaka leo...

Zamani nilikuwa mwimbaji. Mimi na rafiki yangu Fidèle tulitoa wimbo uliofika nafasi ya nane kwenye kipindi cha redio cha nyimbo kumi bora za wiki. Wiki moja tu, ukatoka. Zilizofuata hakuna aliyezipiga. Niliacha muziki nikiwa na kinyongo, na mke wangu Zaina ndiye aliyenishika mkono. Aliweka cherehani yake pembeni, tukakodi shamba, tukapanda miche kwenye mifuko yenye magome ya miti yaliyosagwa, maana bluberi haipendi udongo wa kawaida.

Zaina akichuma alikuwa akiimba nyimbo za kujitungia. Sikuwahi kumsikiliza kwa makini. Kwa nini nimsikilize? Mwimbaji si nilikuwa mimi?

Siku moja Fidèle, ambaye sasa ana studio ndogo, alikuja kununua matunda. Alisimama kati ya mistari akimsikiliza Zaina mpaka akamaliza. Kisha akatuomba amrekodi. Nilicheka, nikasema sawa. Nilijua wimbo wake hautafika popote.

Wimbo uliingia nafasi ya tisa. Wiki iliyofuata, ya nne. Kisha ya kwanza... na ukakaa hapo. Sokoni Kimironko wauza vitambaa waliuimba. Madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, waliniuliza, "Wewe ndiye bwana ya Zaina?" Jina langu likapotea kabisa. Hotelini walitaka picha naye, na mpiga picha nikawa mimi!

Nyumbani nilikula kimya. Zaina akaniuliza amenikosea nini. Nikamjibu nimechoka na shamba.

Jumamosi moja roho ilinishinda. Nilijifungia chumbani, nikapiga simu kwenye kipindi kile. Nikajiita Hamisi, nikasema wimbo huo umeibwa, kwamba niliusikia kwa mama mmoja Goma miaka mingi iliyopita. Sikujua kama wameniweka hewani. Mtangazaji akasema utaondolewa kwenye orodha mpaka ukweli ujulikane. Unaweza kuamini? Nilifurahi.

Zaina alikuwa shambani na wachumaji wetu, redio ikiwa imewashwa. Aliporudi hakuvua hata mabuti.

"Nimekusikia," alisema.

"Umesikia nini?"

"Hamisi wa Goma. Miaka tisa nalala na hiyo sauti sikioni, Baba Amina. Ulidhani sitaijua?"

Nilianza kukana. Akainua mkono kunizuia.

"Ungeniambia niache kuimba, ningeacha," akasema. "Lakini umeniita mwizi mbele ya watu."

Alimchukua binti yetu, akaenda kwa mama yake.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Wachumaji walipojua, walikataa kunifanyia kazi. Ndege wakala, matunda mengine yakaoza chini. Fidèle alipeleka redioni rekodi za kwanza kabisa, Zaina akitafuta maneno ya wimbo wake, na wimbo ukarudi kileleni. Mimi nikapiga simu tena, safari hii kwa jina langu, nikaungama hewani. Nilidhani atarudi...

Hakurudi. Mbele ya wazee wa pande zote mbili tuligawana mistari ya shamba. Zaina huja kutunza yake. Nikiwa mbali namsikia anaimba. Akiniona nakaribia, ananyamaza.

Wewe unayesoma, kama mwenzako anasifiwa na roho inakuuma, mwambie usoni. Ni aibu, najua. Mwambie tu, "Naona wivu." Ni maneno mawili... Mimi niliyameza, nikaenda kuyatapika redioni. Nakuomba, usipite nilipopita mimi.