Hema Nyuma ya Hosteli za Kiende

— Baba Wanja, leo hatulali Chogoria. Tunaenda Nchiru!

Karwirwa alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa hema, simu mkononi, uso umechangamka. Mumewe, Nthiga, alikuwa akikunja blanketi zenye umande.

— Nchiru kuna nini?

— Kiende! Yule tulisoma Kifaransa na yeye chuo. Hebu soma.

Ujumbe ulisema: "Karwirwa wangu! Nimeona picha za hema lenu. Mimi niko na uwanja mkubwa nyuma ya hosteli zangu. Kujeni mlale hapa, tule mukimo, tuongee mambo ya Ufaransa."

Neno hilo la mwisho lilimkata Nthiga maini.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu ya safari. Tangu ujana, Karwirwa alitamani kwenda Ufaransa mwaka mmoja, awe mwalimu msaidizi katika shule ya kijijini, na likizo ikifika azunguke na hema, kijiji hadi kijiji, bila haraka. Aliomba nafasi. Jibu halikuja. Sasa, miaka kumi na miwili baadaye, Nthiga alikuwa ameazima hema, akapakia jiko la gesi kwenye gari lao la Probox, akawaacha watoto kwa dada yake huko Manyatta na kumwambia mkewe: "Kama vya Ufaransa vimetushinda, twende tuone vijiji vya kwetu." Walilala Runyenjes kwenye uwanja wa kanisa, wakalala Chuka kwenye migomba ya mwalimu mmoja rafiki yao. Karwirwa alifurahi kupita kiasi. Hakujua kwamba mumewe alikuwa anatubu bila kuitaja dhambi yenyewe.

Njiani Nthiga alisimama kila soko. Hapa aangalie parachichi, pale apime upepo wa magurudumu.

— Leo unaendesha kama mzee wa kanisa, Karwirwa alicheka.

— Si wewe ulisema polepole?

— Polepole, lakini si kusimama kila kilomita! Kwani una nini?

Nthiga alifungua mdomo. Neno lilikuwa limefika ulimini kabisa. Akalimeza.

— Hakuna. Kichwa tu.

Walifika Nchiru saa tisa. Kiende aliwapokea kwa vifijo, akawasaidia kupigilia vigingi vya hema, akaleta chai. Walipokaa, alimshika Karwirwa goti.

— Kuna kitu nimetaka kukuuliza miaka hii yote. Mbona ulikataa ile nafasi?

— Nafasi gani?

— Ya Ufaransa. Mimi nilikuwa wa akiba. Walinipigia wakasema wewe umejitoa, ndio nikaenda.

— Kiende, mimi sikuitwa. Nilijua umenishinda.

— Walikupigia! Waliniambia mwanamume alishika simu, akasema unaolewa, huendi tena. Nikadhani ni aibu unaona, nikanyamaza.

Karwirwa aliweka kikombe chini taratibu.

— Simu yangu ilikuwa imeibwa wiki hiyo. Nilikuwa nimewapa namba ya...

Akageuka.

— Baba Wanja?

Nthiga alikuwa akitazama nyasi.

— Ni wewe ulishika hiyo simu?

— Ni mimi.

— Ukawaambia siendi.

— Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Niliogopa. Nilijiuliza, mtu akishaona Ufaransa, atarudi kwa msoma mita za maji? Nilikupenda, Karwirwa.

— Usilete hilo neno hapa!

Kiende aliinuka, akakusanya vikombe vilivyojaa bado, akaingia ndani.

— Nililia miezi miwili, Karwirwa alisema. — Ukanishika mkono ukaniambia Mungu ana mpango wake. Na baba yangu, Nthiga? Alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba msichana wake anaenda ng'ambo. Alikufa akijua nilifeli.

— Nimetaka kukuambia mara nyingi.

— Leo tumekaa kwa gari tangu asubuhi. Ungeniambia huko, ningekasirika, lakini ningekuwa nimeambiwa na bwanangu. Ng'oa hema.

— Tunaenda wapi?

— Nkubu, kwa mama. Utasema mbele yake, kwa mdomo wako.

Mama mkwe walimkuta uani akipukuchua maharagwe. Nthiga alikalia kigoda, kofia mikononi, akasema yote bila kumtazama usoni. Mama akaweka ungo chini.

— Mzee wangu aliniuliza akiwa kitandani, mama alisema hatimaye, — "Huyu msichana wetu alikosa akili, ama alikosa bahati?" Nikamjibu, bahati. Sasa nenda nyumbani, Nthiga. Sikufukuzi. Nataka tu nikae na mtoto wangu.

Nthiga alirudi nyumbani Embu peke yake, akawachukua watoto kwa dada yake. Kila siku aliandika: "Nisamehe." Siku ya nne ujumbe wa Karwirwa ukaingia.

"Watoto wamekula?"

"Wamekula. Wanakuuliza."

"Nakuja Jumapili. Sijakusamehe. Nakuja kwa sababu ni kwangu pia."

Jumapili alifika akiwa na begi moja. Watoto walimrukia, wakashiba kumkumbatia, wakatoka kucheza. Nthiga alibaki amesimama kama mgeni.

— Nimeandikia wale watu wa Ufaransa tena, Karwirwa alisema. — Kuna kozi ya walimu, wiki sita. Nikiitwa naenda.

— Nenda. Hata ukitaka kukaa mwaka, kaa. Watoto nitawaangalia.

Karwirwa alimtazama, macho yakamjaa maji kwa mara ya kwanza tangu Nchiru.

— Haya maneno ungeyasema wakati ule, Nthiga. Unajua kinachoniuma zaidi?

— Niambie.

— Ningerudi. Nilikuwa nimeshachagua hata zawadi ya kukuletea. Mwaka mmoja tu, na ningerudi kwako nikikimbia.

Akachukua begi lake, akaingia chumba cha watoto. Nthiga akakaa pale pale sakafuni, akalia kilio alichokuwa amekificha miaka kumi na miwili.