Muhuri wa Rangi ya Kucha

Soko la vyombo vya umeme vilivyotumika hufurika kila Jumamosi, na asubuhi ile watu walipigana vikumbo kati ya meza zilizolemewa na redio zisizo na vifuniko, nyaya zilizosokotana na mita zilizokwisha kata tamaa. Kwenye meza ya mwisho palikaa mashine ya kijivu ya kuhesabu mawimbi, na mikono miwili iliishika kwa wakati mmoja.

Mkono wa kwanza ulitoka kwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi kama karatasi mpya. Mwenyewe alikuwa fundi saa, mwenye duka dogo chini ya ngazi za jengo la ofisi, na waliomjua walimwita Bwana Sekunde kwa sababu hakuwahi kuchelewa popote. Mkono wa pili ulikuwa wa dada aliyevaa gauni la buluu na kilemba cha rangi ya haradali. Masikioni alining'iniza hereni alizojitengenezea kwa vipuri vya redio vyenye mistari ya rangi.

"Kaka, mkono wako umepotea njia," dada alisema bila kuachia.

"Haujapotea. Umefika kwanza."

"Kwa saa ya nani?"

"Kwa saa yangu. Na saa yangu haikosei."

"Wote huniambia hivyo. Nikiwapima hawarudi tena."

Fundi alicheka mpaka akakaribia kuiachia mashine. Muuzaji, aliyekuwa anatafuna karanga, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Oaneni basi, mashine ikae nyumba moja! Nina wateja wengine hapa."

Hawakuoana palepale, lakini waliinunua kwa pamoja, wakakubaliana wiki hii ilale kwa mmoja, wiki ijayo kwa mwingine. Dada alikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio, na kazini walimwita Antena, maana hakuna mnong'ono uliompita. Kumbe wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja. Kila mmoja alikuwa na kisanduku chake nyumbani, ndani yake fuwele ndogo inayotetemeka bila kuchoka, ikitunzwa kwenye joto lisilobadilika, na kwa mtetemo huo huhesabu sekunde kwa usahihi ambao saa ya mkononi huuota tu. Wengine hufuga njiwa. Hawa walifuga sekunde.

Mashine ilisafiri kati ya nyumba mbili, na mapenzi yakasafiri nayo. Kila asubuhi redio ilipotoa milio ya saa mbili, simu ililia.

"Umeisikia milio, roho yangu?"

"Nimeisikia, mpenzi. Changu kiko sawa. Chako?"

"Kinachelewa kidogo tu, kama jana."

"Si ukirekebishe?"

"Thubutu!"

Fundi alidhani ni utani, akacheka. Antena hakuwa anatania. Kisanduku kile aliachiwa na marehemu baba yake, aliyetunza mitambo ya redio maisha yake yote. Baba alikipanga, akadondosha tone la rangi nyekundu ya kucha ya mkewe juu ya skrubu ya kurekebishia ili isicheze, akasema kisizimwe wala kisiguswe. Tangu hapo binti alipima kila asubuhi kinachelewa kiasi gani, akaweka nukta kwenye karatasi ya miraba iliyobandikwa ukutani. Nukta zilikuwa zimeungana kuwa mstari mmoja mrefu, unaopanda taratibu bila kuruka. Hadithi hiyo alikuwa hajamwambia mpenzi wake. Alitaka kumsimulia vizuri, siku wakiwa wametulia.

Siku hiyo haikupewa nafasi. Antena alipelekwa mlimani kutengeneza mnara, na zamu ya mashine ikawa yake. Fundi aliileta nyumbani kwao mchana, pamoja na kisanduku chake mwenyewe, akitaka kumwandalia mpenzi wake jambo la kumfurahisha. Mama yake Antena alimfungulia mlango, akamwachia chumba, akarudi jikoni. Fundi alichomeka chake, akaviunganisha vyote viwili kwenye mashine, akaona kweli cha Antena kiko nyuma. Akatoa bisibisi ndogo, akabandua ile rangi nyekundu, akageuza skrubu kidogo kidogo hadi vikalingana. Alijipongeza kwa mluzi, akaandika ujumbe: "Ukirudi utakuta zawadi."

Antena alirudi na vumbi la mlimani viatuni, akaenda moja kwa moja kwenye zawadi. Fundi alikuwa amekaa anatabasamu. Mezani kulikuwa na vipande vya rangi nyekundu.

"Nani ameshika hiki?"

"Mimi, mpenzi. Sasa hakichelewi tena."

"Nilijua kinachelewa!" Aliviokota vipande vya rangi. "Kila siku nilijua kinachelewa kiasi gani. Baba alikifunga kwa mkono wake. Kwa mkono wake, unasikia?"

Fundi alisimama. "Sikujua. Lakini kilikuwa kimekosea, mpenzi, nami nimekiweka sawa na..."

"Umeniweka sawa na nani? Na wewe?"

Hapo mwanamume mwenye akili angenyamaza. Bwana Sekunde alijibu, "Changu ndicho sahihi."

"Basi kaishi nacho. Chukua na mashine yako."

Asubuhi iliyofuata milio ya saa mbili ilisikika na simu haikulia. Wala iliyofuata. Fundi alikaa dukani na lenzi jichoni, akifungua saa za watu na kuzifunga, moyo umemjaa ukaidi na majonzi kwa pamoja. Alimpenda yule mwanamke kuliko alivyopenda kuwa sahihi, ila alikuwa bado hajaligundua hilo. Ili ajithibitishie kwamba hana kosa, alichomeka kisanduku chake, akakipima kwa saa ya dukani inayopokea wakati kutoka setilaiti.

Kilikuwa kimekosea, na si kidogo. Kesho yake kosa lilipungua, keshokutwa likapungua tena, siku baada ya siku kikijivuta pole pole kurudi mahali pake. Fundi aliitoa lenzi jichoni. Fuwele ikizimwa hupoa, na ikiwashwa upya huchukua siku nyingi kutulia. Jambo hilo alilijua kama jina la mama yake, na siku ile alikizima ili akibebe. Alirekebisha kisanduku kilichotulia miaka yote kwa kutumia kilichowashwa saa ileile kikiwa baridi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuwa amekaa mapajani.

Simu ililia. Alikuwa mama wa Antena.

"Mwanangu, saa yangu ya ukutani imesimama."

"Pole, mama. Imesimama tangu lini?"

"Tangu nilipoitoa betri. Utakuja lini kuitengeneza?"

Fundi aliiweka chini saa aliyokuwa akiifungua.

"Humu ndani kuna mtu hali wala halali," mama aliendelea. "Kila saa mbili asubuhi anaikodolea simu macho, halafu anaigeuza kifudifudi. Nimechoka kumtazama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mkwe... fundi."

Jumapili alifika akitoka jasho, shati jeupe limemganda mgongoni. Begani alibeba betri ya gari ndani ya mkoba, na kifuani alikikumbatia kisanduku chake, taa yake ndogo ikiwaka. Antena alifungua mlango. Hakuwa amevaa hereni. Alitazama taa, akatazama waya ulioingia mkobani.

"Umekibeba kikiwa kimewashwa?"

"Safari hii, ndiyo. Safari ile nilikizima. Kilikuwa baridi, mpenzi. Nilikikosoa cha baba yako kwa kitu kilichokuwa hakijui hata chenyewe kiko wapi."

Antena alisogea pembeni. Akampisha.

Mezani fundi alikiweka chake kando ya kile cha marehemu, akatoa bisibisi, akampa.

"Hii hapa skrubu yangu. Geuza utakavyo."

"Nikigeuza, nitakuwa nimerudishiwa nini?" Machozi yalimtoka bila aibu. "Siwezi kuirudisha ile pale baba alipoiacha. Mstari wake umekatika."

"Najua. Na sina cha kulipa. Nakuomba tu unifundishe kukipima bila kukigusa."

Antena aliiweka bisibisi mezani. Kisha akasimulia: mkono wa baba, chupa ya rangi, maneno aliyosema siku ile, kwamba fuwele huzeeka kama mtu, na ukishamjua mtu anachelewa kiasi gani, huna haja ya kumgeuza. Fundi alisikiliza bila kutazama saa hata mara moja.

"Mama!" Antena aliita. "Ile rangi nyekundu ipo?"

"Ipo!" Chupa ilifika kwa kasi iliyoonyesha kwamba mama hakuwa mbali na mlango.

Antena alidondosha tone juu ya skrubu ya baba yake, pale pale ilipokuwa sasa. Akadondosha la pili kwenye ya fundi, bila kuigeuza hata kidogo. Ukutani, mbele ya mstari uliokatika, akaweka nukta mbili mpya, moja ya kila kisanduku.

"Yule muuza vyombo," fundi alianza, sauti ikimtetemeka kuliko fuwele, "alitupa ushauri, nasi tukaupuuza."

"Ushauri gani?"

"Mashine ikae nyumba moja. Imechoka kusafiri."

"Mashine ndiyo imechoka?"

"Na mimi. Nioe... yaani, nikuoe. Unakubali?"

"Bwana Sekunde, leo umechelewa," alisema, akiucheka uso wake uliolowa jasho. "Nilikubali sokoni."

Akaukamata mkono wake, akapaka rangi ukucha wa kidole chake kidogo, tone moja nono.

Jumatatu duka chini ya ngazi lilifunguliwa saa nne. Mteja wa kwanza alikuwa ameketi kwenye ngazi tangu saa mbili, akishangaa.

"Fundi! Wewe, kuchelewa? Na hicho kidole kina nini?"

Fundi alikiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa majivuno.

"Muhuri," alisema. "Nisiguswe tena."