Kitufe cha Tisa

"Sauti hizi ni za nani?"

Fahima aliuliza hivyo saa sita mchana, Minago, katika chumba cha nyuma ya kinu cha kukamulia mawese, na hakuna aliyemjibu. Mwenye chumba alikuwa akinyonya kichwa cha samaki na hakukiacha. Kaoutar, mdogo wake Fahima, alicheka tu. Na Fahima mwenyewe, ambaye hata kwenye duka la sukari humbana muuzaji mpaka aseme ukweli wote, siku ile aliliacha swali lianguke. Hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Lakini tuanze na asubuhi, maana asubuhi haikuwa na ubaya wowote.

Fahima ni jirani yetu hapa Birimba, Rumonge, kando ya ziwa, kusini mwa Bujumbura. Anatengeneza muziki wa harusi: anapanga ngoma, kinanda na vigelegele, halafu Kaoutar anaimba juu yake. Kaoutar ana miaka kumi na tisa, na sauti yake ndiyo mali ya nyumba ile. Akianza wimbo wa kumtoa bibi harusi, wapishi hutoka jikoni na miiko mikononi, na mama wa bibi harusi hulia hata kama alikuwa ameapa kutolia.

Mwaka huu kompyuta ya Fahima ilikufa. Mende walikuwa wamezaa ndani. Akaamua hataki tena kompyuta. Anataka ile mashine ya muziki inayojitegemea, yenye vitufe vipana vya mpira kumi na sita. Unarekodi humohumo, unakata sauti, unaiweka kwenye kitufe, unabonyeza, inaimba. Wimbo unaanza na kuisha ndani ya sanduku moja.

"Lakini sinunui kwa macho," alimwambia mama yake. "Nalinganisha kwanza."

Akapiga mistari kwenye daftari. Mashine ya kwanza ilikuwa sokoni Rumonge, kwa Meshaki: skrini pana, matundu mawili ya maikrofoni, ila haina betri. Umeme ukikatika, wimbo umekwenda, na umeme wa hapa unaujua mwenyewe. Ya pili ilikuwa Kabezi, kwa mwalimu wa kwaya: betri ipo, nyepesi kama sahani, lakini sauti inatoka kama ya mtu aliyefunikwa ndoo. Ya tatu ilikuwa Minago.

Zote zilipewa mtihani mmoja. Kaoutar aimbe mstari uleule wa wimbo wa kumtoa bibi harusi, asimame umbali uleule, sekunde kumi na moja. Fahima alipima umbali kwa rula. Alijivunia sana mtihani huo, na alikuwa na haki ya kujivunia. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyonunua kitu.

Kwa Papa Bahizire, huko Minago, inzi walikuwa wamekaa juu ya makapi ya mawese kama blanketi jeusi. Ukipita, blanketi linanyanyuka, linakugusa usoni, linarudi. Yeye ni mzee wa miaka sitini hivi, mpole wa maneno, mwenye kucha ndefu za njano kwenye mkono mmoja tu.

"Amahoro, Papa Bahizire. Tumekuja kuona ile mashine."

"Iko hapa. Karibuni, watoto wangu. Musiogope harufu, ni ya mafuta."

Haikuwa ya mafuta. Kila mtu wa pwani hii anajua mawese yanavyonuka, mabichi na yaliyochacha. Ile ilikuwa harufu ya mdomo uliofungwa siku nyingi.

Mashine yenyewe ilionekana mpya. Betri yake, alisema mzee, inafika siku nzima. Fahima akabonyeza kitufe cha kwanza kwa kidole. Kilikuwa vuguvugu. Kikabonyea taratibu, kikarudi taratibu, kama ufizi. Alipoinua kidole, ute mwembamba ulivutika, ukakatika, ukamwangukia mkononi.

"Mafuta tu," alisema Bahizire.

Fahima alijifuta kwenye kitenge na kuendelea. Alitaka kusikia. Vitufe vinane vilikuwa na sauti tayari. Cha kwanza, mwanamke akasema "ee." Cha pili, mwingine akavuta pumzi. Cha tano, mtu akameza mate. Ungeyasikia yakishuka.

Ndipo akauliza lile swali. Mzee akanyonya jicho la samaki.

"Ya tisa iko wazi," akasema. "Mutoto aimbe hapo."

Kaoutar akaimba. Sekunde kumi na moja. Mashine ikamrudishia sauti yake. Ilikuwa nzuri kuliko yeye mwenyewe. Ilikuwa karibu sana, kama mtu anakuimbia ndani ya sikio, na ulimi unasikika ukigusa meno.

Fahima akaandika kwenye daftari: *Ya tatu. Bora.*

"Mubebe," alisema mzee. "Mujaribishe siku mbili nyumbani. Mukipenda, mutarudi tuongee."

Nani humpa mgeni mashine kama ile, aondoke nayo hivihivi? Nauliza kwa sababu wao hawakuuliza. Walishukuru, murakoze, wakapanda pikipiki.

Kesho yake asubuhi Kaoutar aliamka koo likikwaruza. Akanywa chai ya tangawizi. Akakohoa juu ya beseni, na kilichotoka kilikuwa mafuta mekundu, na ndani ya mafuta kulikuwa na uzi. Aliuvuta kwa vidole viwili. Ulikuwa mrefu. Uliendelea kuja.

Kufika saa nne, ilikuwa imebaki pumzi tu. Alifungua mdomo kusema "dada" na hapakuwa na kitu.

Fahima alikwenda chumbani, akafungua mfuko, akabonyeza kitufe cha tisa. Skrini haikuandika sekunde kumi na moja. Iliandika dakika nne. Wimbo ukapita. Halafu, kwa sauti ya Kaoutar, safi kabisa, ikasema: "Dada, mbona koo linaniuma hivi?"

Hayo Kaoutar alikuwa ameyasema jikoni, saa moja, alipotoka kulala. Mashine ilikuwa imezimwa. Ilikuwa ndani ya mfuko, nyuma ya mlango uliofungwa.

Ikaendelea. Ikasukutua. Ikatema. Ilikuwa na kila kitu.

Mama yao alikuja akasimama mlangoni. "Hii mumeitoa wapi?"

"Minago, mama. Kwa Papa Bahizire."

Mama akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Alinong'ona: "Bahizire ule alikuwaka anakata watoto virimi?"

Kirimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Hapa kwetu mtoto akikohoa sana, wapo wanaomkimbiza kwa fundi akikate. Bahizire alikata miaka ishirini, kutoka Minago mpaka Magara, kwa kisu kilekile na ukucha uleule. Wazazi walimshukuru, wakawabeba watoto wanaotokwa damu, wakaenda zao. Na katika watu wazima wote hao, wanaoswali, wanaosali, wanaohutubia mikutano, hakuna hata mmoja aliyemuuliza vile vipande anaviweka wapi. Hata mmoja!

Fahima akachukua bisibisi. Skrubu zilikuwa sita. Kifuniko cha chini kilishikana na kutoka kwa sauti ya kitu kinachobanduliwa kwenye kidonda.

Harufu ikajaa chumba.

Chini ya vitufe kulikuwa na vinyama vidogo, kimoja kwa kila kitufe chenye sauti, vimekauka kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, vimeshonwa kwa uzi. Vinane vilikuwa vya kijivu. Cha tisa kilikuwa chekundu. Kilikuwa kibichi. Kaoutar alipovuta pumzi, kilitikisika.

"Fungua mdomo," Fahima alimwambia.

Akamulika kwa simu. Ulimi upo. Meno yapo. Hapakuwa na jeraha wala tone la damu. Koo lilikuwa laini, kama la mtu ambaye hakuumbwa na kirimi.

Mama alitoka nje. 

Jua lilikuwa bado utosini Fahima alipofika Minago na mashine mapajani. Bahizire alikuwa anakula tena.

"Umemkata mdogo wangu."

"Mimi sikumugusa." Alisema kwa upole kabisa. "Nani alimuleta? Nani alipima na rula?"

"Mrudishie."

Mzee akalamba vidole, kimoja kimoja, na ukucha wake wa mwisho aliupitisha katikati ya meno. "Moja ikitoka, lazima ingine iingie. Ya kumi iko wazi. Leta musichana mwingine mwenye sauti. Ku harusi wako wengi. Mwambie tu aje kujaribisha."

Na hapa ndipo Fahima anaposhindwa kuendelea akisimulia, maana kabla hajakasirika, kabla hajasema hapana, majina mawili yalikuwa yameshapita kichwani mwake. Wasichana wawili. Wangekuja. Wangecheka njia nzima. Anasema katika yote aliyoyaona siku zile, ule uzi, ule ute, vile vinyama, hakuna kilichomtia kichefuchefu kama nafsi yake pale.

Hakuwaleta. Aliinama kwenye maikrofoni akaimba mwenyewe. Mstari uleule, umbali uleule, sekunde kumi na moja.

Kitufe cha kumi. Skrini ikaandika sifuri.

Akaimba tena. Sifuri.

Bahizire akacheka mpaka samaki akamtoka mdomoni. "Imekulinganisha," akasema. "Haikutaka."

Akanyoosha mkono kuichukua mashine yake. Fahima akaishika kwa viganja vyote viwili, na vitufe chini ya viganja vikafunguka. Vikafyonza. Alihisi vidole vyake vikivutwa ndani ya vitu vyenye joto, vyenye mate, na wanawake wote tisa wakavuta pumzi kwa pamoja.

Akaachia. Wewe pia ungeachia. Yeye hajisamehei.

Nje, wanaume wanne walikuwa wanazungusha kinu. Walisikia. Walizungusha tu.

Siku iliyofuata alirudi na mama yake na shefu wa kilima, kiongozi wa mtaa ule. Chumba kilikuwa kitupu, sakafu imesuguliwa kwa majivu. Mmoja wa wale wanaume wa kinu alisema, akitazama miguu yake, kwamba mzee ameondoka, na mashine aliiuza asubuhi kwa watu wa muziki waliokuja na gari.

"Watu wa wapi?"

"Sijui, dada. Walipenda sauti zenye zilikuwa ndani."

Daktari aliyemtazama Kaoutar alisema wapo watu wanaozaliwa bila kirimi. Mama alimwambia huyu alizaliwa nacho. Daktari aliandika kitu, akaita mgonjwa mwingine.

Sasa ni miezi saba. Kaoutar anaongea kwa kuandika kwenye simu. Ni mcheshi bado, anatukana vizuri sana kwa maandishi. Lakini zipo siku, karibu na alasiri, anaacha anachokifanya, anamshika Fahima mkono, na kuuweka kooni kwake. Mdomo umefungwa. Koo linatetemeka. Ukitulia unaujua ule wimbo wa kumtoa bibi harusi, mstari mzima, mwanzo mpaka mwisho. Halafu tena. Halafu nusu yake tu. Halafu neno moja, neno lilelile, mara nane, mara tisa, kama mtu anayetafuta pa kukata. Nimewahi kuuweka mkono wangu mwenyewe pale. Koo lilikuwa linafuata ngoma ambayo sisi hatukuisikia.

Kwa hiyo kuna mtu anafanya kazi na mashine ile. Huenda ni wewe. Huenda uliipata kwa mkono wa tatu, Bujumbura au Uvira, na huna habari ya lolote, na vitufe unavipangusa kila siku ukidhani ni jasho lako. Hatuna ugomvi na wewe. Usimwimbishe mtu yeyote kwenye kitufe cha kumi, na sauti ya cha tisa, tafadhali, usiifute.