Mwizi Aliyechagua Chupa

Jumanne tarehe 1 Julai, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Olive alikuta kufuli la friji ya chanjo limekatwa na kuachwa sakafuni. Yeye ndiye aliyeshika famasia ya kituo kidogo cha afya mtaani Nyamianda, mjini Uvira, na alikuwa mtu wa kuhesabu kwanza, kulia baadaye. Hakupiga kelele. Alichukua daftari, akafungua friji, akaandika kilichobaki, kisha kilichokosekana.

Zilibaki chanjo za surua, za kifua kikuu na matone ya polio. Zilikosekana zote za tano-kwa-moja, ile inayomkinga mtoto na kifaduro pamoja na maradhi mengine manne. Zilikosekana pia za pepopunda na za nimonia, hadi chupa ya mwisho. Kwenye rafu ya pembeni, hatua moja tu kutoka hapo, tyubu za dawa ya macho na ya ngozi zilikaa kama alivyoziacha Jumatatu. Mwizi hakuzigusa.

Asubuhi hiyohiyo, saa nne, msimamizi wa chanjo alikuwa afike kukagua friji. Alifika, akakuta friji karibu tupu, akaondoka.

Kabla yake, saa mbili kamili, alikuja Kizito, ofisa wa upelelezi wa polisi, mtu aliyependa kufunga kesi kuliko kuielewa. Aliuliza nani hulala pale. Akaambiwa ni mlinzi. Saa mbili na robo mzee Nzeyimana alikuwa amefungwa mikono.

Mzee huyu alikuwa Mrundi wa bonde la Ruzizi, miaka sitini na minane. Wiki tatu kabla ya hapo mjukuu wake Inamahoro, mwenye miezi mitano, alikufa kwa kifaduro. Kadi ya mtoto ilikuwa imejaa. Alichanjwa mara tatu, na mara zote babu mwenyewe ndiye aliyempakata kwenye foleni. Alikuwa mtoto wa nne kufa mtaani tangu Mei, na wote wanne kadi zao zilijaa. Kwa Kizito hesabu ikawa nyepesi: mzee ana uchungu, amelipiza kisasi kwa chupa. Watu waliosimama getini nao wakakumbuka ghafla kwamba mzee si wa kwao. Walikula naye mihogo miaka kumi na moja, lakini siku hiyo wakakumbuka.

"Chef, minye sikuona muntu," Nzeyimana alisema. "Nililala saa tisa, nikaamuka asubui. Kulala njo kosa yangu. Kwiba, hapana."

Kizito alitangaza kwamba Ijumaa saa tatu mzee angehamishiwa gerezani. Olive alimjua mtu aliyeingia humo kwa miguu yake na kutoka kwa machela, naye alikuwa kijana. Basi Olive alikuwa na siku tatu, na hakuna aliyemwomba afanye lolote.

Aliyelia sana asubuhi ile ni Claudette, muuguzi wa chanjo. Tangu Aprili yeye na Olive walikuwa wakijisomea pamoja kila siku saa saba mchana, kujiandaa kwa mtihani wa usaidizi wa mfamasia. Walimaliza dawa za macho, wakamaliza za ngozi. Somo la chanjo halikuanza. Kila Olive alipofungua ukurasa huo, Claudette aliomba warudie macho kwanza, eti huko ndiko anakosahau. Olive alimcheka kwa hilo, maana Claudette hakuwa akisahau kitu.

Jumatano saa tatu asubuhi Olive alishuka Kalundu, bandarini. Kulikuwa na uvumi kwamba Pontien, mchuuzi anayetembeza vidonge kwenye beseni kati ya wapagazi na wauza samaki, ana dawa za kituo. Kweli alikuwa na tyubu nyingi za tetracycline, akiziuza kuwa za macho. Olive alisoma maandishi madogo. Asilimia tatu. Hiyo ni ya ngozi, na kituo chake hakijawahi kuwa nayo. Ya kwake ni ya asilimia moja, ya macho. Alimwambia Pontien kwamba atawaharibu watu macho. Pontien akajibu bila aibu kwamba wateja wanaomba tetra, hawaombi asilimia.

Olive alimuuliza kuhusu chanjo.

"Mama, chanjo nani atauza hapa?" Pontien alisema. "Inaomba barafu, inaomba sindano. Minye ningeingia mule mwenu, ningebeba tyubu zenu zote. Huyo mwizi yenu hakukuwa anatafuta kuuza."

Inauma kufundishwa na tapeli, lakini alisema kweli. Olive alipanda kurudi Nyamianda akimwaza mzee pia. Mtu mwenye hasira na dawa angevunja kila kitu, au angevunja kilicho karibu na mkono. Huyu alichambua chupa moja moja kama mtu anayechambua maharage.

Alhamisi saa nne alikagua karatasi ya joto iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Kila siku, asubuhi na jioni, muuguzi wa chanjo husoma kipimajoto na kuandika. Karatasi ya Juni ilikuwa safi mno: tano, tano, tano, wino mmoja, mkono mmoja, hata siku ambazo mtaa mzima ulikosa umeme. Safu za siku zilikuwa thelathini na moja, na zote zilijazwa. Juni ina siku thelathini. Olive alihesabu tena, akitamani kuwa amekosea.

Kisha akafungua kisanduku cha baridi ambacho Claudette hubeba kwenda kuchanja vijijini. Chini, chini ya kitambaa, kulikuwa na chupa moja ya tano-kwa-moja iliyosahauliwa. Alikitazama kibandiko chake, akaitikisa, akasubiri, kisha akaenda kumtafuta Kizito.

Saa saba mchana alimkuta Claudette mezani na daftari la marudio. Kizito alikuwa kwenye benchi nje ya dirisha, alikoombwa akae na kunyamaza. Olive aliitikisa ile chupa kwa nguvu, akaisimamisha katikati ya meza, akaanza kuuliza kama siku zote.

"Tetracycline ya asilimia moja?"

"Ya macho."

"Ya asilimia tatu?"

"Ya ngozi. Dada, hii chupa umeitoa wapi?"

"Tusome kwanza. Kile kiduara cha ku chupa, chenye mraba mu kati, kinaonesha nini?"

"Joto," Claudette alisema polepole. "Mraba ikifanana na duara, unatupa."

"Na baridi?"

"Baridi haioneshe."

"Chanjo gani zinakufa zikiganda?"

Claudette alikuwa mwanafunzi mzuri, na mwanafunzi mzuri hujibu kabla ya kufikiri. Alinyoosha kidole cha kwanza. "Tano-kwa-moja. Pepopunda. Ya ni—"

Vidole vitatu vilibaki hewani.

"Na zenye hazikufe?" Olive aliuliza. Akajibu mwenyewe: "Surua. Kifua kikuu. Polio. Njo zile mwizi aliacha. Msimamizi angekuja, angetikisa zile ingine, angeona. Claudette, ni weye ulipokea simu yake Posho."

Ilikuwa hivyo. Jumamosi, ambayo Uvira wanaiita Posho, msimamizi alipiga simu kwamba watoto wanakufa kwa kifaduro na kadi zimejaa, hivyo atakuja kutikisa chupa. Claudette aliandika upya karatasi ya Juni kwa mkupuo mmoja. Jumanne saa kumi alfajiri, mlinzi akikoroma, alikata kufuli na kumwaga chupa zote katika shimo la choo.

Wote wawili walitazama mezani. Chanjo nzima ikitikiswa hubaki nyeupe kama maji ya mchele; iliyowahi kuganda hutengana. Ndani ya chupa ile mapande meupe yalikuwa yameshuka chini, na juu yake maji yalikuwa maangavu. Kiduara cha kibandiko hakikuwa na dosari.

"Ni Januari," Claudette alisema. "Umeme ilikuwa inaenda, inarudia, inaenda. Nikasema ikirudia nifungule baridi mpaka mwisho, ili ikienda tena, baridi ibakie. Ku nyumba njo tunafanya hivyo na samaki. Asubui nikakuta barafu mu friji. Stoki ya miezi sita, dada. Ikayeyuka, nikaangalia kiduara, kiko muzuri. Bamama balikuwa banangojea inje."

"Ungebaambia barudie."

"Balitoka mbali. Nikasema nitasema kesho. Kila siku nilisema kesho."

"Muzee Nzeyimana iko siku ya tatu mu kasho."

"Najua."

Olive alitaka kumchukia, akashindwa. Angechukia vipi mtu aliyeogopa tu, tena kwa kosa lililoanza kwa kutaka kuhifadhi? Lakini watoto wanne walikuwa ardhini, na Claudette alikuwa amekubali kwamba mzee awafuate. Alifunga daftari. Kizito aliingia bila kuitwa, akamchukua Claudette, ambaye alivua koti lake jeupe na kulikunja vizuri kwenye kiti.

Saa kumi jioni mlango wa kasho, mahabusu ya polisi, ulifunguliwa. Kizito hakuomba msamaha. Alisema tu kwamba mzee anaweza kwenda. Nzeyimana alisimama akishika ukuta na kuuliza mwizi ni nani. Olive alimweleza yote, kwa sauti ya chini, maana hakuona njia ya kueleza nusu.

Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Njo kusema mara zote tatu nilimubeba bure," alisema.

"Ilikuwa imeganda, muzee. Haikukuwa na nguvu."

"Mama yake analia kila siku. Minye namuambia, nyamaza, mwanangu, tulifanya yote. Ni hiyo neno tu iko inamutuliza. Usimuambie."

Olive alimwambia kwamba haiwezekani. Watoto mia tatu na kumi na wawili walichanjwa tangu Januari, na lazima wote waitwe upya kabla wengine hawajafa. Jumapili tangazo lingesomwa makanisani pamoja na sababu yake.

Nzeyimana akamgeukia Kizito.

"Chef, andika kama ni minye niliiba. Kama ni minye, chanjo ilikuwa nzima, mutoto alichanjwa."

Kizito alimtazama Olive, na Olive alitazama chini. Mzee aliona kwamba hakuna anayeandika. Akarudi ndani ya kasho, akaketi sakafuni pale alipokuwa amekaa siku tatu, mlango ukiwa wazi.