Pale Sindano Inaporuka

Nilifuata jiwe la kusagia. Hilo tu ndilo lililonipeleka mahameni, kule tulikohamishwa, jioni ile, na msiongeze lingine, maana watu wa kijiji hiki kwa kutia chumvi hamjambo.

Mama mkwe wangu, Luciana, alikuwa akililalamikia jiwe lake tangu tulipohamishwa. Tuliambiwa wote tukae pamoja kando ya barabara ya Shelui, mgambo wakazibomoa paa nyumba zetu za tembe kule bondeni, tukapakiwa kwenye lori pamoja na kuku. Jiwe likasahaulika. Na mume wangu Melkiori akabaki kule kule, kaburini, nyuma ya zizi. Alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Alilala mzima, asubuhi nikamkuta wa baridi. Watu walinong'ona, nikawaambia waende zao na midomo yao.

Nilifika jua likizama. Nyasi zilikuwa zimenifika kiunoni. Niliinama kulishika jiwe, na nilipoinua macho nikaliona shamba letu.

Lilikuwa limelimwa.

Matuta mapya, yamenyooka, udongo bado mbichi. Hata shamba la kijiji tunalilima kwa kusukumwa, sasa nani aje kulima mahameni? Kisha harufu ikanijia. Pumba. Pumba za mtama zilizolowekwa, kama za kulisha nguruwe.

Halafu... nikasikia mtu anaimba kwa pua.

Wimbo ule ningeutambua hata nikiwa na homa. Ni roki, yale magitaa ya Kizungu. Melkiori alinunua ile santuri dukani kwa mzee Chhotalal, mjini Singida, tulipokuwa vijana na uhuru ukiwa mpya, alipokuwa mpakia mizigo wake. Gramafoni ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Maneno hatukuyaelewa na wala hatukuona shida. Mwanamume anaimba mstari, wanawake wanaitikia. Basi yeye alishika sehemu yake, mimi nikashika ya wanawake, tukacheza uani mpaka mama mkwe akatoka kutufokea kwamba hizo ni kelele za paka.

Kuku wake mwenyewe ndiye aliyeiharibu. Aliirukia santuri ikizunguka. Tangu siku ile sindano ikifika katikati inaruka, inarudia pale pale, inarudia, mpaka uisukume kwa kidole. Melkiori akauzoea wimbo hivyo hivyo. Hata akiimba njiani, akifika pale atarudia, atarudia, kisha atasukuma hewa kwa kidole na kuendelea. Nilikuwa nacheka hadi nakaa chini. Nilimpenda mtu yule, nasema wazi.

Anayeimba shambani alifika pale.

Akarudia.

Akarudia...

Kivuli kikaacha jembe, kikanyoosha kidole, kikasukuma hewa.

Jiwe lilinidondoka. Sijui nilifikaje nyumbani.

Nilipomsimulia, mama mkwe hakunibishia. Alisogeza kuni motoni, akasema kumbe tulizika mgomba badala yake, mwanawe amefanywa msukule, analimishwa na mtu. Nilimwuliza tutamrudishaje. Akaniambia kumwita kwa jina ni bure, jina walikwisha kumnyang'anya.

"Mwite kwa wimbo wenu," alisema. "Akikuitikia, mshike mkono uje naye. Lakini akianza yeye, mwanangu, funga mdomo. Ukimwitikia, umekuwa mali ya mwenye shamba."

"Mwenye shamba ni nani, mama?"

"Ningemjua, ningekuwa ninalala mlangoni kwake."

Kesho yake jioni nikajitwika gramafoni. Moyoni nilikwisha kupanga nitampikia nini akirudi. Niliiweka juu ya ukuta uliobomoka, nikaizungusha, nikaiachia. Magitaa yakalia bondeni kote. Sindano ilipofika pale na kuanza kuruka, nikaiinua, nikangoja.

Kimya. Jembe nalo likanyamaza.

Akatoka kwenye matuta. Alikuwa na shati jeupe tulilomzikia, sasa lina rangi ya udongo. Hakunitazama mimi, aliitazama gramafoni. Akafungua mdomo, na ndani hamkuwa na ulimi.

Nilisubiri aitikie. Hakuitikia. Aliuanza wimbo upya, kwa pua, mstari wake, taratibu. Kisha akanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza uani, akinipa nafasi yangu.

Miaka yote ile aliimba yeye, nikaitikia mimi. Mdomo haukuniuliza.

Niliitikia.

Na shamba lote likaitikia pamoja nami... Walisimama kutoka katikati ya matuta, wanaume kwa wanawake, wengi, wakiimba kwa pua. Walipofika pale wakarudia, wakarudia, wakanyoosha vidole wote kwa pamoja. Alikuwa amewafundisha.

Hapo ndipo Melkiori aliponitazama. Machozi yalimtoka. Akainua kidole chake, akasukuma hewa kunielekea mimi. Akasukuma tena. Nenda.

Nilikwenda. Gramafoni niliiacha.

Tangu hapo naamka nimechoka. Kucha zina udongo, viganja vina malengelenge, mdomoni nasikia pumba. Tulikwenda kanisani tukaombewa. Mama mkwe amekuwa akinifunga mguu kwa kamba kitandani, na asubuhi anakuta fundo lake vile vile, na udongo vile vile. Ananinawisha mikono. Mchana nikichota maji, nikitwanga, najikuta naimba kwa pua. Naimba mstari wa mwanamume, ambao haukuwa wangu.

Jana jioni nilikuwa natwanga, mama mkwe anapepeta. Wimbo ukanitoka. Nikamaliza mstari, nikanyamaza, na niliposhtuka nikamkuta ameweka ungo chini, ananitazama. Nilitikisa kichwa. Nilimwonyesha kwa mkono aache.

Akaitikia. Aliyeuita wimbo ule kelele za paka aliuitikia wote, bila kukosea popote, na alipofika pale sindano inaporuka akarudia, akarudia, akanyoosha kidole chake kilichopinda kwa uzee.

"Mama," nilimwambia, "wewe ndiye uliyenionya."

"Nilizaa mmoja tu," alisema, akaendelea kupepeta.

Leo nimeamka kabla yake. Mkono wake ulikuwa umening'inia nje ya blanketi, nikaziangalia kucha. Kisha nikatoka kuchota maji ya kunawa, ya watu wawili.