Filimbi Iliyonyamaza

Kila Jumamosi asubuhi, Kipenga alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Alifagia mchanga uliotapakaa kwenye saruji, akakagua nyavu za vikapu, kisha akaning'iniza filimbi shingoni. Shuleni kwao, wanafunzi wa darasa la juu ndio waliochezesha mpira wa kikapu wa wadogo zao, na hakuna aliyeipenda filimbi kama yeye. Ndiyo maana jina lake halisi lilikuwa limesahaulika.

Jumamosi hii alifagia tena na tena mahali palepale, chini ya kikapu cha upande wa ukuta. Hapo ndipo alipoangukia Sisimizi, mchezaji mdogo kuliko wote wa timu ya bluu.

Katika mechi iliyopita, Kipenga aliwahukumu wekundu, wapinzani wa bluu, kwa faulo isiyokuwepo. Walipopiga kelele, akajua amekosea. Badala ya kukiri, aliamua moyoni kuwafidia kwa kulifumbia macho kosa lao litakalofuata. Sisimizi akaruka kufunga, akasukumwa ubavuni, akamtazama Kipenga. Filimbi ilikuwa mdomoni, lakini haikulia. Wekundu walipoona wameachiwa, wakamsukuma tena kwa nguvu zaidi, akaanguka na kuvunjika mkono.

"Uliona nini?" mwalimu wa michezo aliuliza.

"Sikuona, mwalimu."

Sisimizi, machozi yakimtoka, akamtetea. "Msimlaumu dada. Hakuona."

Maneno hayo yalimganda Kipenga kama kupe. Aliyasikia akiosha vyombo, akayasikia hata chaki ilipokwaruza ubaoni. Kila mpira ulipodunda, aliona macho yale yakimtazama. Chakula kilimshinda.

"Siku hizi hupulizi filimbi humu ndani," baba yake alimtania. "Majirani wanadhani tumehama!"

Kipenga hakucheka. Alikuwa amejaribu kuipuliza, akaishia kuirudisha mfukoni.

Sasa mwalimu aliingia uwanjani, na nyuma yake Sisimizi, mkono umefungwa plasta.

"Dada, nimekuja kukuangalia ukichezesha," alisema kwa furaha.

Kipenga alivua filimbi, akamkabidhi mwalimu.

"Niliona, mwalimu. Aliposukumwa mara ya kwanza, niliona vizuri kabisa. Nilikuwa nawafidia wekundu kwa kosa langu."

Sisimizi alitazama plasta yake.

"Kumbe nilipokuangalia, ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona. Nisamehe, mdogo wangu."

"Na mimi nimemwambia kila mtu kwamba hukuona." Akamgeukia, akasema, "Itabidi uwaambie mwenyewe."

"Nitawaambia."

Na kweli, wachezaji walipokusanyika, aliwaeleza wote. Mwalimu alisubiri amalize ndipo akamrudishia filimbi.

"Kila mwamuzi hukosea," alisema. "Ukikosea, sema umekosea. Usitafute kosa jingine la kusawazisha, maana atakayeumia ni mtu ambaye hakukukosea lolote. Faulo ni faulo, kwa bluu na kwa wekundu, mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Watoto hawa wanaruka kwa sababu wanaamini unawaona."

Mchezo ulianza. Punde, mchezaji wa bluu alimsukuma mwekundu aliyekuwa akifunga. Kipenga alipuliza, filimbi ikalia uwanja mzima.

"Aa! Amemgusa tu!" bluu walilalamika.

Kipenga aligeuka pembeni. Macho yale yalikuwa yakimtazama, na safari hii hakuyakwepa. Sisimizi aliinua mkono wake mzima.

"Faulo," alisema. "Hata mimi nimeona."